Gunia la Chumvi kwa Maman Carine

Chumvi iliisha nyumbani mwa Agathe siku ya Jumatatu, na jambo lenyewe halikuwa la kupigia kengele. Chumvi huisha. Alimwambia mume wake Edouard, aliyekuwa mlangoni anavaa buti zake za mpira.

"Papa Bintu, chumvi imeisha."

"Kesho," akasema Edouard.

Jumanne akamwambia tena. "Kesho," akasema Edouard, akatoka na bidoni mbili za maji, moja kila mkono, maji ambayo Agathe mwenyewe alikuwa ameyapangia foleni bombani tangu jogoo hajasafisha koo. Jumatano hakumwambia kitu. Mwanamke naye ana heshima yake: anaomba mara mbili, ya tatu anapika.

Akapika maharagwe bila chumvi. Ingekuwa siku nyingine wangekula wakanyamaza, lakini Jumatano ile walikuja wageni, parrain na mke wake, yaani bwana na bibi waliokubali kuwasimamia kwenye ndoa. Watu wa ofisi, bwana na tai yake, bibi na mkoba wa kufungwa na sumaku. Bibi alitia kijiko kimoja mdomoni, akaangalia dari kama mtu anayesali.

"Ni mazuri, maman," akasema. "Ni mepesi."

Agathe angependa ardhi impokee. Ardhi, kama tutakavyoona, ilikuwa na kazi nyingine.

Ndoa, ndiyo. Edouard alikuwa na miaka sitini na moja, Agathe hamsini na saba, watoto watano, wajukuu wanne. Ng'ombe wa mahari walishakwenda kwa baba yake Agathe, wakazaa, wakaliwa, hata mifupa haikumbukwi. Kilichokosekana ni padri. Kwa miaka thelathini na mbili, kila Jumapili watu walipotoka kwenye mabenchi kwenda kukomunika, Agathe alibaki ameketi, akisogeza magoti pembeni ili wengine wapite. Alijua viatu vya parokia nzima. Alijua nani amebadilisha soli na nani anaazima vya dada yake. Njaa yake ilikuwa hiyo tu: kupita na yeye siku moja, wengine wasogeze magoti. Na mwaka huu parokia ilikuwa imekubali kubariki ndoa kumi za wazee siku ya Asomsio, sikukuu ya Bikira Maria katikati ya mwezi wa nane. Majina yangesomwa Jumapili tatu, ili mwenye kujua kizuizi aseme. Jumapili ya kwanza ilikuwa imepita bila mtu kukohoa.

*

Alhamisi asubuhi akaja Sophie.

Sophie alikuwa prezidanti wa mamans katoliki wa mtaa, mwanamke mwenye moyo mzuri ambao ulikuwa haumtoshi mpaka apate wa kumwonea huruma. Alikuta Agathe mbele ya nyumba, anapanga makala yake, yaani makaa ya kuuza, katika vilima vidogo vidogo.

"Agathe mama, umelala muzuri?"

"Muzuri. Unataka makala ya ngapi?"

"Makala iko kitu? Nikae kwanza." Akaketi juu ya bidoni. "Umeisha nunua chumvi ya ndoa?"

"Chumvi gani?"

"Nauliza tu. Juu jana niliona bwana yako na gunia ya chumvi ku bega. Gunia muzima, ile ya kilo makumi mbili na tano. Nikasema: Asifiwe, Agathe ameanza kujipanga. Kumbe anapita hapa kwenu, haangalie hata upande, anapanda."

"Anapanda wapi?"

Sophie akachagua kipande kimoja cha makala, akakigeuza, akakirudisha. "Kwa Maman Carine. Na mulango ilikuwa wazi. Hakugonga."

Agathe aliendelea kupanga makala. Kilima kimoja kikawa kirefu kuliko vingine vyote, kikaanguka.

Huko kwetu Bushi mwanaume anaweza kumnunulia mwanamke soda, watu wakasema ana adabu. Anaweza kumbebea mzigo, watu wakasema ana nguvu. Hata kitenge, akijua kujieleza, kinaweza kupita kama zawadi ya kilio. Lakini chumvi! Chumvi inaingia chunguni. Mwanaume anayempelekea mwanamke chumvi anakula pale, na anayekula pale haulizwi analala wapi. Wazee walivunja ndoa kwa kiganja kimoja cha chumvi. Edouard alikuwa amebeba gunia, mchana, katikati ya avenyu, na majina yake yanasomwa kanisani.

"Mimi sijasema kitu," akasema Sophie.

"Hapana. Hujasema."

"Nakuonea tu huruma."

"Naona. Makala ya ngapi?"

*

Maman Carine alikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili. Nyumba yake ilikuwa parseli moja, yaani kiwanja kimoja, juu ya ile ya Agathe, kwa sababu mlima wa Muhumba unapanga watu kama ngazi: wenye nacho juu, maji yao machafu chini. Mwaka uliopita alitaka tereni, uwanja wa kuchezea tenisi, nyuma ya nyumba. Akaleta injenieri mwenye kofia ya plastiki, na injenieri akamwaga saruji mwezi wa saba, udongo wa mfinyanzi ukiwa umekauka kwa jua na kufungua midomo. Saruji ikapendeza, watu wakapigwa picha juu yake. Mwezi wa kumi mvua ikaja, udongo ukanywa, ukavimba kama mwenye mimba ya mapacha, na saruji ikapasuka toka kona mpaka kona kama kisigino cha mwanamke wa shamba. Injenieri hakupokea tena simu.

Ndipo Edouard alipokwenda kuangalia, bila kuitwa. Miaka thelathini alikuwa mtunza tereni kwenye klabu moja chini, kando ya ziwa. Aliupiga udongo teke moja dogo, akachukua kidonge, akakivunja kwa vidole.

"Maman, huu udongo haufunikwe," akasema. "Huu unachungwa. Kama ng'ombe."

Basi wakavunja saruji, wakachimba mpaka magotini. Wakatandika mawe yaliyopondwa kwa nyundo na wanawake wa kando ya barabara, juu yake changarawe, halafu majivu, na mwisho udongo uleule uliochekechwa na kuchanganywa na unga wa matofali ya kuchoma. Mtaro ukazunguka pande zote ili mvua ikija ijue njia. Cha kushindilia kilikuwa pipa la mafuta lililojazwa saruji. Wanaume wawili walilivuta, na Edouard alitembea nyuma yake taratibu, kichwa chini, kama katekista anayefuata sanduku la maiti.

Agathe alijua habari hizo kwa masikio tu, kupitia ukuta. Hakuwahi kupanda kuangalia. Alisikia pipa likikwaruza. Halafu wanaume wale wawili walipolipwa na kuondoka, akasikia kitu kingine: maji yanamwagwa, na Edouard anaongea. Edouard, ambaye nyumbani alikuwa na maneno mawili, "kesho" na "aksanti", kule juu alikuwa anatoa sentensi nzima, moja inavuta nyingine. Na mwanamke anacheka katikati yake.

Sasa, akiwa mbele ya makala yake, akafanya hesabu ya mambo aliyokuwa ameyaacha yapite. Majivu: kumbe yalitoka kwenye jiko lake, Edouard alikuwa akiyachukua akisema ni ya kumwaga chooni. Maji: ya bidoni zake. Mwanaume wake alikuwa anamwagilia ardhi ya mwanamke mwingine asubuhi na jioni, na mboga zake yeye nyuma ya jiko zimelala chini kama wagonjwa. Majivu yangu, akawaza. Maji yangu. Na sasa chumvi.

*

Edouard alirudi saa kumi na mbili, suruali nyekundu mpaka magotini. Mezani alikuta sahani, na ndani ya sahani kijiko.

"Chakula?"

"Kiko kule kwenye ulipeleka chumvi."

Edouard akavua buti moja. "Ah. Ile chumvi iko ya tereni."

"Ya nini?"

"Ya tereni. Jua ya saa sita inakausha udongo, inapasuka. Unamwaga maji, saa nane imekauka tena. Chumvi inashika maji ndani, inaikataza kutoka. Njo vile tulikuwa tunafanya ku klabu."

Agathe akaondoa kijiko kwenye sahani. Katika miaka thelathini na mbili Edouard alikuwa amemdanganya mara kadhaa, lakini kwa bidii, uongo uliotengenezwa vizuri. Mara moja alimzika mjomba wa Kamanyola ambaye hakuwahi kuzaliwa, na akarudi na kilio kwenye macho. Alikuwa hajawahi kumtukana kwa uongo wa bei rahisi namna hii.

"Udongo inakula chumvi."

"Eeh."

"Iko na meno?"

"Mama Bintu…"

"Hata mutoto mudogo wa masomo ya matenele anajua! Ukimwaga chumvi mu udongo, hakuna kitu itaota!"

"Njo muzuri!" akasema Edouard, amefurahi kuona ameeleweka. "Hatutaki kitu iote!"

Jibu lilikuwa la kweli kabisa, na ndilo lililoharibu kila kitu. Agathe akaanza kucheka kicheko kibaya, kile cha mdomo peke yake.

"Nilikuomba chumvi mara mbili. Muke wa parrain alikula maharagwe yangu kama dawa."

"Nilisahau."

"Ulisahau ya hapa. Ya kule hukuisahau."

Edouard akabaki na buti moja mguuni. Na ilikuwa kweli. Alikuwa amesahau ya hapa. Ya kule aliiota usingizini. Mtu mwerevu angeomba msamaha. Edouard akavaa tena ile buti, akaenda kulala bila kula, na kesho yake asubuhi akaleta paketi tatu za chumvi, akaziweka mezani. Agathe akazipandisha juu ya kabati, hakuzifungua. Akaendelea kupika bila chumvi. Nyumba nzima, mpaka wajukuu waliokuja kusalimia, ikala maharagwe ya wivu.

*

Ijumaa hiyohiyo akaenda parokiani. Abbé Hugues alikuwa padri kijana, ameketi nyuma ya meza na daftari kubwa la ndoa.

"Abbé, nimekuja juu ya kizuizi."

"Kizuizi cha nani, maman?"

"Ile namba ine. Edouard na Agathe."

Padri akaangalia orodha, akamwangalia yeye, akarudi kwenye orodha. "Maman, Agathe si wewe?"

"Njo mimi. Njo maana najua."

"Haya. Kizuizi gani?"

"Iko na mwanamuke."

"Umemkuta naye?"

"Sijamukuta. Amemupelekea chumvi."

Abbé Hugues alitaka kutabasamu, lakini mama yake alikuwa wa Kabare, hukohuko Bushi, na tabasamu likamkumbuka mama. "Chumvi kiasi gani?"

"Gunia."

"Gunia!" akasema padri, kabla hajajizuia.

Agathe akaanza kulia, kidogo, kwa kuwa sasa hata Kanisa limeshtuka. Padri akampa kitambaa cha karatasi, akazunguka na kiti chake.

"Sikia, maman. Nikiandika kizuizi, nafuta majina. Na nikifuta, mutasubiri kundi lingine, na sijui ni mwaka gani, wala kama litakuwepo. Umengoja miaka mingapi?"

"Makumi tatu na mbili."

"Kwa chumvi ambayo hukuiona. Umeisikia. Nenda uangalie kwa macho yako. Jumapili hii nitasoma. Jumapili ya tatu, ukija ukakaa mbele, nitajua hakuna neno, nitamaliza. Ukikaa nyuma, nitafuta. Hatutasemezana kitu, hakuna atakayejua."

Mpango ulikuwa mzuri, mpango wa mtu asiyejua mtaa wa Agathe.

Jumapili ya pili majina yakasomwa. Wakati wa komunio Agathe alisogeza magoti kama kawaida, na aliyepita mbele yake, taratibu, na harufu nzuri, alikuwa Maman Carine. Viatu vyeupe. Vipya.

*

Alivumilia siku sita. Jumamosi akachukua kikombe kitupu akapanda.

Maman Carine alikuwa kwenye veranda, amevaa sketi nyeupe fupi ya kuchezea. Agathe akaangalia yale magoti. Yalikuwa magoti mazuri, na hilo lilimchukiza, maana alikuwa amejiandaa kuyadharau.

"Karibu, Mama Bintu! Leo umetukumbuka!"

"Nimeishiwa chumvi," akasema Agathe, akanyoosha kikombe. "Nimesema niombe kwa ule mwenye iko nayo mingi."

"Chumvi? Mu nyumba yangu?" Carine akapiga makofi. "Weh, mama! Mimi niko na tansio, damu inapanda. Dokta alinikatazaka chumvi tangu Pasaka. Nakula majani kama sungura. Ingia uone, usinihurumie bure."

Alisema vile watu wanavyosema, kwa adabu. Agathe akaingia kweli. Akafunua sufuria ya kwanza, akafunua ya pili. Akachovya kidole kwenye sombe, yale majani ya muhogo, akalamba. Akasimama pale jikoni kwa mwingine, kidole mdomoni. Sombe lilikuwa baya kuliko maharagwe yake.

"Sasa ile gunia?" akauliza, na sauti haikutoka ya kuomba tena.

"Gunia? Bwana yako alimwaga yote chini, kule nyuma. Yote, mama! Na mimi niko hapa nalilia hata tone ku ulimi." Carine akamwangalia vizuri, kwa mara ya kwanza. Akaangalia kikombe. Uso wake ukabadilika polepole. "Aba. Mama Bintu. Watu wanasema nini?"

Agathe alikuwa amekwisha kutoka kwa mlango wa nyuma.

Alikuwa hajawahi kuiona ile tereni. Mlima mzima ulikuwa wa vumbi na nyufa, mwezi huo wa saba. Nyufa za kupitisha mkono, kuku wanaangusha mayai humo. Na katikati ya ukavu huo kulikuwa na kipande kimoja kimelala, chekundu, laini, kimenyooka kama kitenge kilichotoka chini ya pasi, na mistari yake myeupe. Hakikuwa na ufa hata wa kuingiza uzi. Kwenye kona ya mbali Edouard alikuwa amepiga magoti. Alikuwa anaubonyeza udongo kwa kiganja, anangoja, anaubonyeza tena pembeni, kama mtu anayemtafuta mtoto tumboni.

Agathe alikuwa amezaa watano. Aliukumbuka mkono huo, ulivyokuwa unakuja hivyo, unangoja hivyo. Wa mwisho alizaliwa miaka ishirini na miwili iliyopita.

Hapo wivu wake, uliopanda mlima ukiwa na anwani, ukakosa mlango. Mwanamke unaweza kumtukana. Unaweza kumvua kilemba sokoni. Udongo utauvua nini?

Lakini alikuwa mtu wa uhakika, na padri alisema aangalie. Akainama, akapiga magoti kwenye mstari, akagusa udongo kwa kidole na kuonja. Hakuridhika, kidole kilikuwa na sombe. Basi akaweka viganja chini, akashuka, akalamba tereni.

"Mama Bintu!" Edouard alikuwa amesimama. "Uko nafanya nini?"

Agathe akainuka, ulimi mwekundu. "Niko naonja."

"Na… iko namna gani?"

"Imezidi," akasema Agathe.

*

Ingeishia hapo, watu wawili wangeshuka nyumbani na jambo limekwisha. Lakini Carine alikuwa na haraka ya kuonyesha kwamba hana dhambi, na mtu asiye na dhambi anaharibu sana. Akachukua raketi mbili.

"Mama Bintu, ukae pale ku kivuli, uangalie mwenyewe kile tunafanyaka hapa. Papa Edouard, tumalizie ile ya jana!"

Agathe akakaa. Wakacheza mbele ya macho yake, mchana, bila siri. Hicho ndicho kilikuwa kibaya. Edouard wa miaka sitini na moja, mwenye mgongo, mwenye kuomba aletewe kiti chake kivulini, alikuwa anakimbia. Alikuwa anapiga mpira kwa nguvu zake zote, na Carine anaurudisha kwa nguvu zake zote.

"Muzee, umechoka!" Carine akapiga kelele.

"Nitachokea kwako? Shika hii!"

"Nje!"

"Nje wapi! Uvae miwani!"

Hawakugusana hata nguo. Kati yao kulikuwa na wavu na mita zaidi ya ishirini za udongo wenye chumvi. Agathe angeweza kuapa mbele ya askofu kwamba hakuna kitu kati ya watu hao wawili, na bado alikuwa anahesabu kila mpira uliorudi.

Akasimama. "Na mimi."

"Na weye nini?" akasema Edouard.

"Nipe ile kintu."

Carine akampa raketi, akamwonyesha jinsi ya kuishika. Agathe akavua viatu, akapandisha kitenge, akakifunga vizuri, akasimama pale alipokuwa amesimama mwingine. Edouard akamrushia mpira. Ulikuja taratibu, ukidunda kama unaomba ruhusa. Akaukosa. Edouard akarusha mwingine, taratibu zaidi, wa kumpa mtoto anayejifunza kukaa. Huo Agathe hakujaribu hata kuupiga. Aliuangalia ukimpita.

"Ule mwanamuke unamupigia kwa nguvu."

"Ule amezoea, Mama Bintu."

"Mimi nimekuzoea miaka makumi tatu na mbili. Piga."

"Utaumia."

"Mimi unanipigia kama mugonjwa. Ule unamupigia kama mutu. Nasema, piga kama unamupigia ule!"

Edouard alimwangalia mke wake, miguu mitupu, raketi imeshikwa kama mwiko wa ugali, kidevu juu. Labda alikasirika. Labda alimwona. Akainua mkono, akapiga.

Agathe aliuona ukitoka. Kwa nusu ya sekunde alikuwa mwanamke aliyeridhika. Halafu ukampata kwenye jicho la kushoto.

*

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya tatu. Jicho lilikuwa limevimba kama yai la bata, rangi ya biringanya. Edouard alimshauri abaki nyumbani. Bintu, binti yao mkubwa, alimfunga kilemba mpaka kwenye nyusi, na jicho likaonekana zaidi, kama limewekwa kwenye fremu. Lakini Agathe alikuwa na ahadi na padri: mbele ni ndiyo, nyuma ni hapana, na asiyekuja atahesabiwa nyuma. Akapita katikati ya kanisa lote, akakaa benchi la kwanza. Edouard kando yake.

Abbé Hugues akasoma namba moja, mbili, tatu. Kwenye namba nne akainua macho kutafuta ile ishara. Akaikuta benchi la kwanza, na jicho juu yake. Karatasi ikabaki hewani.

Ilitosha. Sophie akasimama.

"Padri, utusamehe. Sisi bamama hatuwezi nyamaza. Wiki nzima tulijua kuna maneno mu ile nyumba. Leo muangalie jicho!"

Kanisa zima likaangalia jicho.

"Alinipiga na mupira," akasema Agathe, bila kugeuka.

"Bote banasemaka vile," ikasema sauti ya mwanamke nyuma. "Mimi yangu ilikuwa mulango."

Edouard akasimama na kofia mkononi, akitaka kusaidia. "Iko kweli. Nilimupiga kwa nguvu. Aliniomba."

Kwa maneno kama hayo mtu anaweza kulala gerezani. Wanawake wakaguna kwa pamoja, kutoka mlangoni mpaka altareni. Abbé Hugues akatoa kalamu mfukoni. Sophie alikuwa anamwonea Agathe huruma kwa furaha kubwa mno.

Agathe akaiona ile kalamu. Aliujua mstari ambao ungepita juu ya jina lake, mstari mfupi, na baada yake mabenchi, na magoti, na viatu vya watu mpaka atakapokufa. Ili kuuzuia, ilikuwa lazima aseme. Na akisema, hakutakuwa na bomba wala soko ambako hawatamcheka. Akasimama, akageuka, akawapa uso wote.

"Nilikuwa na wivu," akasema. "Muniangalie vizuri, juu sitarudilia. Nilisikia bwana yangu amepeleka chumvi kwa mwanamuke. Nilipanda kwake na kikombe. Nilifunua sufuria yake. Hakuna chumvi. Chumvi ilikuwa chini, mu udongo ya tereni, ili isipasuke, kama vile aliniambia na nikakataa. Niliionja na ulimi yangu, nimepiga magoti kama mbuzi. Kisha nikaona anamupigia Maman Carine mupira kwa nguvu, na mimi ananipigia polepole. Nilimukataza. Nilisema: piga kama unamupigia ule. Akapiga. Ni ile tu."

Halafu mzee mmoja upande wa wanaume akapiga benchi kwa kiganja, na kanisa likapasuka. Watu walilia kwa kicheko, kwaya ikaegemeana. Maman Carine, benchi la nne, alificha uso kwenye kofia yake. Sophie peke yake alibaki amesimama, hana wa kumhurumia, akatafuta mahali pa kukaa.

Abbé Hugues alingoja mpaka aweze kuuamini mdomo wake.

"Kwa hiyo, maman, kizuizi hakuna?"

"Hakuna, abbé."

Alikuwa ameanza kuketi. Ndipo akamwona Maman Carine anainua uso kutoka kwenye ile kofia, amelowa machozi ya kucheka, na anatabasamu kuelekea benchi la kwanza. Kuwatabasamia wote wawili, au mmoja. Kwa jicho moja nani angejua?

Agathe akasimama tena.

"Iko kimoja kidogo," akasema. "Siku ya ndoa, ule mwanamuke akae nyuma ya nguzo."

Abbé Hugues akafungua daftari kubwa, akashuka na kidole, akitafuta mahali ambapo Kanisa linaandika jambo la namna hiyo. Hapakuwepo. Akaandika pembeni.